AL-KHWARIZMI: MWANACHUONI ALIYEFUNZA WATU KUSOMA TARAKIMU



Ndugu msomaji, kila ukifika mwezi huu mtukufu twapenda kusoma habari za wema waliotutangulia. Mara nyingi huwa ni masahaba, maimamu na mashujaa. Mara hii nimeonelea tumtazame mtu wa kalamu na hesabu. Jina lake latajwa kila siku katika madarasa ya kompyuta ya vyuo vyetu, na wengi wanaolitaja hawajui kabisa kama ni jina la mtu. Naye ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Allah amrehemu.

Kuna sababu ya kumchagua yeye. Sisi vijana tumegawanyika makundi mawili katika jambo hili. Kuna wale wanaoona kompyuta ni mali ya wazungu, na kazi ya Mwislamu ni kuitumia tu akinunuliwa. Na kuna wale wanaosimama kwenye mihadhara wakadai kila kitu kilivumbuliwa na Waislamu, hata sifuri. Kisha kijana akiyarudia maneno hayo chuoni, aulizwa ushahidi, hana la kusema. Maisha ya huyu mzee yanayajibu makundi yote mawili, tena kwa adabu.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WA BAGHDAD

Al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia. Nasaba yake yaonyesha asili ya Khwarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo siku hizi imeingia katika Uzbekistan na Turkmenistan. Habari za utotoni mwake hazikuhifadhiwa. Wazazi wake, mashekhe zake, kama alioa au ana watoto, hayo yote hayakuandikwa. Tunachokijua vizuri ni mji aliofanyia kazi, vitabu alivyoviacha, na viongozi wa zama zake.

Mji wenyewe ni Baghdad. Ulianza kujengwa mwaka 762 na khalifa Al-Mansur, kwa hivyo Al-Khwarizmi alipozaliwa mji ulikuwa bado mpya. Alipokuwa kijana mtawala alikuwa Harun Rashid, kisha baada ya fitina ya ndugu wawili akashika mwanawe Al-Maamun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833. Al-Maamun alipenda elimu sana. Wakati wake vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikusanywa na kufasiriwa kwa Kiarabu, na wanavyuoni walikuwa na mahali pao pa kazi pakiitwa Baytul Hikma. Hapo ndipo Al-Khwarizmi alipofanya kazi.

Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Aliandika majedwali ya nyota na sayari yanayoitwa Zij. Aliandika kitabu cha jiografia kilichotaja zaidi ya miji na mahali 2,400 pamoja na vipimo vyao vya latitudo na longitudo, akirekebisha kazi ya Ptolemy. Aliandika juu ya chombo cha usturlabu, na hata juu ya kalenda ya Mayahudi. Kuna pia jedwali linalonasibishwa naye la kukadiria siku ambayo mwezi mwandamo utaweza kuonekana. Kwa hivyo msomaji, hayo mabishano yetu ya kila mwaka kuhusu mwezi, yeye alikaa chini akayafanyia hesabu zaidi ya miaka 1,100 iliyopita!

KITABU CHA AL-JABR WAL-MUQABALA

Kitabu chake mashuhuri ni kile cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala, alichokiandika wakati wa Al-Maamun. Kutokana na jina hilo ndipo lugha za dunia zikapata neno aljebra. Al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama vile mganga anavyounga mfupa. Al-muqabala ni kuvilinganisha vitu viwili vilivyokabiliana.

Ukikifungua kitabu hicho utashangaa, kwani hakina x wala y. Hakina alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno matupu, hata namba zenyewe. Mfano wake mashuhuri wauliza: ni mraba gani ukiuongeza na mizizi yake kumi utapata thelathini na tisa? Naye aeleza hatua kwa hatua. Chukua nusu ya ile kumi, ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, 25. Ijumlishe na 39, upate 64. Tafuta mzizi wake, ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Basi mzizi ni 3, na mraba wake ni 9. Hebu ijaribu: 9 na 30 ni 39.

Kisha akachora picha ya mraba kuonyesha kwa nini hatua hizo ni sahihi. Hakutaka mtu afuate tu kama kasuku.

MIRATHI: SABABU YA KUANDIKA

Sasa twende kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya shule huiruka. Katika utangulizi wa kitabu hicho Al-Khwarizmi aeleza kuwa amekusudia yale watu wanayoyahitaji: mirathi, wasia, ugawaji, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu ni maswali ya wasia na mirathi. Hesabu yake ilikuwa ya kumsaidia kadhi na mjane.

Chukua swali lake moja. Mwanamke amefariki. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Naye aliusia kuwa mtu wa nje apewe sehemu moja ya nane pamoja na sehemu moja ya saba ya mali yake. Kila mmoja atapata nini?

Wasia kwanza. Sehemu moja ya nane na moja ya saba ukizijumlisha ni 15 kwa 56. Haijafika theluthi, kwa hivyo wasia unapita. Zimebaki 41 kwa 56. Katika hizo mume ana robo, na kinachosalia wagawane watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Ukizitafutia namba ya kuzikusanya zote, utapata 20: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Zidisha 56 kwa 20, mali yote igawe mafungu 1,120. Yule wa wasia apata 300, mume 205, mwana 246, na kila binti 123. Jumlisha mwenyewe, zatimia 1,120 bila kubaki hata moja.

Nimeileta hesabu hii yote kwa makusudi. Kila mmoja wetu ajua nyumba ambayo ndugu hawasalimiani kwa sababu ya shamba la baba. Ukikosea namba moja katika mirathi, binti wa watu amekula hasara, na hiyo ni haki yake aliyowekewa na Mola wake.

TARAKIMU ZA KIHINDI

Zamani hizo watu wengi waliandika namba kwa herufi. Sisi tuliosoma madrasa twaijua abjad: alif ni moja, ba ni mbili, ya ni kumi, kaf ni ishirini, qaf ni mia, mpaka ghayn ambayo ni elfu. Kwa njia hiyo 325 huandikwa shin, kaf, ha. Yasomeka, lakini hebu jaribu kuzidisha shin-kaf-ha kwa namba nyingine kwenye karatasi uone taabu yake.

Wahindi walikuwa na njia bora. Walitumia alama tisa na sifuri, na thamani ya alama yategemea mahali iliposimama. Tano ikiwa mwisho ni tano, ikisogea hatua moja ni hamsini, ikisogea tena ni mia tano. Mwanachuoni wao Brahmagupta alikuwa ameshaandika kanuni za hesabu ya sifuri mwaka 628.

Al-Khwarizmi aliiona njia hii, akaandika kitabu kuieleza kwa Waarabu. Na tazama uaminifu wake: aliita hesabu ya Wahindi. Hakusema ni yake. Kwa hivyo ndugu yangu, ukimsikia mtu asema Al-Khwarizmi alivumbua sifuri, mwambie taratibu kwamba mwenyewe hakudai hivyo. Fadhila yake ni kuwa alijifunza kwa wengine, akaipanga elimu ikafahamika, akaisambaza. Hiyo ni fadhila kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi.

Athari zake zimefika hadi kwenye ulimi wetu. Sifuri twaitamka kwa asili ya Kiarabu, na vile vile sita, saba, tisa, ishirini, hamsini, mia na elfu.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Baada ya Al-Maamun, Al-Khwarizmi aliendelea kuishi chini ya makhalifa waliofuata. Mwanahistoria Tabari amesimulia kuwa khalifa Al-Wathiq alipougua mwaka 847, wajuzi wa nyota waliitwa watazame umri wake, na jina la Al-Khwarizmi limetajwa kati yao. Walimtabiria miaka mingine hamsini. Khalifa akafariki baada ya siku kumi.

Kisa hiki kizuri tukikumbuke. Nyota zahesabika, na kupatwa kwa jua kwakadirika, lakini ajali ya mja haimo katika jedwali la mtu yeyote. Al-Khwarizmi mwenyewe alifariki karibu na mwaka 850.

JINA LA MTU LAGEUKA KUWA NENO

Vitabu vyake vilisafiri. Mwaka 1126 Adelard wa Bath alifasiri majedwali yake ya nyota kwa Kilatini, kutokana na nakala iliyokuwa imesahihishwa Andalusia. Mwaka 1145 Robert wa Chester alifasiri kitabu cha al-jabr akiwa Segovia, Hispania. Kile kitabu cha tarakimu za Kihindi kwa Kiarabu kimepotea, lakini tafsiri yake ya Kilatini ilibaki. Katika tafsiri hiyo jina lake liliandikwa Algorizmi. Wasomaji wa Ulaya wakaanza kuiita ile njia mpya ya kuhesabu kwa jina hilo la mtu, na kutoka hapo likazaliwa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa ambazo ukizifuata moja baada ya nyingine wafika kwenye jawabu.

Si wote waliozipokea tarakimu hizo kwa furaha. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, alizisoma Algeria alikokuwa babake akifanya kazi, akaziandikia kitabu mwaka 1202. Lakini mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza wanachama wake kuzitumia katika vitabu vyao vya hesabu. Mwishowe wakazikubali, kwani hakuna mfanyabiashara awezaye kushindana na mwenzake anayehesabu upesi kuliko yeye.

Mwaka 1979 wataalamu wa kompyuta kutoka nchi mbalimbali, miongoni mwao Donald Knuth wa Marekani na Andrei Ershov wa Umoja wa Kisovieti, walikutana Urgench, katika ardhi ya Khwarizm yenyewe, kuzungumzia algorithimu. Walikwenda kwa mwenye jina.

KAZI YAKE NDANI YA KOMPYUTA

Pengine wauliza, yote haya yanahusiana vipi na kijana wa leo? Tuchukue jambo dogo. Msikiti unakusanya mchango wa futari, na watu wanatuma kwa M-Pesa. Mweka hazina ana ujumbe mia tano ndani ya simu. Yuataka programu itakayopita kwenye kila ujumbe, itoe kiasi kilichotumwa, na kujumlisha. Tuseme aandika kwa lugha ya C, iliyobuniwa Marekani na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo mpaka leo hutumika kutengenezea mitambo ya ndani kabisa ya kompyuta.

Kompyuta haijui kama 1500 ni pesa. Inachokiona ni safu ya alama, na kila alama ina namba yake ya siri. Alama ya sifuri ni 48, ya moja ni 49, mpaka ya tisa ambayo ni 57. Kwa hivyo ukikutana na alama iliyo kati ya 48 na 57, hiyo ni tarakimu. Itoe 48 upate thamani yake. Alama 53 ukitoa 48 yabaki 5.

Sasa waziunganisha vipi? Anza na sifuri mkononi. Kila ukipata tarakimu, zidisha ulicho nacho kwa kumi, kisha ongeza hiyo mpya. Kwa 1500: wapata 1, kisha 15, kisha 150, kisha 1500. Basi. Hiyo ndiyo kanuni ya mahali, ileile aliyoieleza Al-Khwarizmi pale Baghdad. Kila programu duniani inayosoma namba kutoka kwenye maandishi yarudia somo lake.

Lakini hapa ndipo amana inapojaribiwa. Ujumbe hauandiki 1500, waandika Ksh1,500.00. Programu ya mvivu ikifika kwenye mkato husimama, na mchango wa yule mama ukaandikwa shilingi moja. Mwingine akaamua kuruka kila kisicho tarakimu, akaruka mkato na nukta pia, akapata 150000. Yule wa kwanza amemdhulumu mtoaji, huyu wa pili ametangaza pesa ambazo hazipo. Dawa ni kuuruka mkato, lakini ukifika kwenye nukta ujue shilingi zimekwisha na senti zimeanza.

Tena ujumbe una tarakimu nyingine ndani ya ile namba ya risiti, na pengine namba ya simu na tarehe. Usizoe zote kama mtu azoaye mchanga. Tafuta kwanza alama ya Ksh inayotangulia kiasi chenyewe, ndipo uanze kusoma.

Na namba ya simu si idadi. Ukiisoma kama idadi, ile sifuri ya mbele yapotea. Na ikianza na 254 ina tarakimu kumi na mbili, ilhali namba ya kawaida ya C kwenye mashine nyingi haivuki 2,147,483,647. Ikivuka hapo hujui kitakachotoka. Iache ibaki maandishi.

Kuna jingine. C ina zana ya zamani iitwayo atoi. Ukiipa maandishi yasiyo na tarakimu hata moja, huwa yarudisha sifuri. Sasa utajuaje kama mtu ameandika sifuri au hakuandika kitu? Wahindi na Al-Khwarizmi walitufunza kuwa sifuri ni alama yenye mahali pake, nasi twaichanganya na kutokuwepo! Zana ya strtol ni bora, kwani hukuonyesha iliposimama. Ikiwa haikusogea hata hatua moja, basi hakukuwa na namba.

Na la mwisho lilinichekesha na kunihuzunisha pamoja. Tarakimu zile tunazoziona kwenye misahafu, ٠ ١ ٢ ٣, hazimo kati ya 48 na 57. Ile sifuri ya Kiarabu ni namba 1632 katika orodha ya alama za dunia, na huhifadhiwa kwa baiti mbili, 217 na 160. Programu ya C ikikutana nayo yapita tu kana kwamba si namba. Yaani mashine inayofanya kazi kwa algorithimu, neno lililotoka kwenye jina la mwanachuoni wa Baghdad, haitambui tarakimu za mji wake mpaka mtu aketi na kuifundisha. Na huyo mtu atatoka wapi, kama vijana wetu waona hii si kazi yao?

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, elimu haina mpaka. Al-Khwarizmi alichukua kwa Wahindi na Wayunani, na Ulaya ikachukua kwake. Usione haya kujifunza kwa yeyote.

Pili, mpe kila mtu haki yake. Yeye alizinasibisha tarakimu na wenyewe. Nasi tunapomsifu tuseme alichokifanya kweli, tusimvishe joho lisilo lake.

Tatu, elimu ina shabaha. Yeye aliandika ili mirathi igawike na mfereji uchimbike mahali pake. Kijana anayesomea kompyuta aanze na mahitaji ya jirani zake: hesabu za msikiti, ada za madrasa, mgao wa zaka.

Nne, kuwa makini na kidogo. Mkato mmoja umegeuza 1,500 kuwa 1. Ukipewa kazi ya hesabu za watu, ijaribu programu yako kwa ujumbe wa kila namna kabla ya kuitangaza, na jumla yake uilinganishe na ile iliyofanywa kwa mkono. Hiyo ndiyo muqabala.

Wazazi nao tunawaomba: mtoto akipenda hesabu msimvunje moyo kwa kudhani atakwenda mbali na dini. Huyu tuliyemsoma aliitumikia mirathi kwa hesabu, na dunia nzima ikafaidika.

Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, azikubali saumu zetu, na awarehemu wanavyuoni wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.